Inchi Nane za Maji

Futi ilisema inchi nane, na fundi hakuwa mtu wa kubishana na futi. Alichuchumaa ukingoni mwa kivuko cha zege kilichofunikwa na mto, mvua ikimchapa mgongoni, akaizamisha majini ile futi ya kushonea aliyokuwa ameisahau shingoni tangu asubuhi, akaisoma, akairudisha mahali pake, akarudi kwenye pikipiki.

"Inchi nane tu, wifi. Panda."

"Maji usiyoyafika hujui wingi wake," wifi yake alimjibu, na huku anapanda. Yeye alikuwa msusi. Juu ya misuko yake mipya alikuwa amevaa kofia ya nailoni ya saluni, na juu ya nailoni kofia ngumu ya pikipiki. Mwili ulowe utakavyo, lakini nywele, hapana.

Safari yenyewe ilikuwa wazo lake. Ilikuwa imepita miezi mitatu tangu mimba ya fundi itoke ikiwa na miezi sita, na tangu siku hiyo fundi alikuwa anashona tu. Sare za shule, mashuka, mapazia ya watu, kimya kimya, bila kulia wala kucheka. Mume wake alimbembeleza mpaka akaishiwa maneno. Ndipo mchana huo dada mtu alipoingia chumba cha cherehani, akatazama mvua dirishani, akasema, "Inuka. Wewe si ndiye ulikuwa ukiona wingu tu unatafuta ufunguo wa pikipiki? Twende tukalowe."

Na dawa ilifanya kazi. Kwenye ile barabara ya msituni fundi aliimba ndani ya kofia yake, akapiga kelele kila walipopasua dimbwi, na mzigo uliokuwa umemkalia kifuani ukalegea kidogo. Kosa lake lilikuwa moja tu, na lilikuwa la kifundi: alipima pembeni, akaamini na katikati ni hivyo hivyo. Katikati, zege lilikuwa limeshazolewa na mafuriko.

Gurudumu la mbele lilitumbukia. Pikipiki ikalala ubavu, mto ukaisomba, na wao ukawasomba. Fundi alimeza tope, akagonga jiwe kwa bega, akapinduka mara mbili, kisha kifua chake kikajibamiza kwenye mti ulioanguka na kukwama katikati ya mto. Aliukumbatia kwa mkono mmoja. Kichwa chenye nailoni, kofia ngumu ikiwa imeshang'oka, kilipita karibu naye kwa kasi, naye akamdaka wifi mkono kwa mkono wake wa pili, juu kidogo ya kiwiko.

"Umeumia wapi?" alipiga kelele.

"Mguu! Umevunjika, unatazama upande usio wake."

"Damu?"

"Ipo. Nyingi."

Fundi aliinamisha kichwa. "Vuta hiyo futi shingoni kwangu. Funga juu ya goti. Kaza kama unamsuka mteja mbishi."

Wifi alifunga kwa mkono mmoja na meno, akilia, na vidole vilivyozoea kukaza nywele za watu tangu asubuhi hadi jioni vikakaza kweli. Damu ikapungua.

Mto haukupungua. Fundi alichagua kifundo kimoja cha tawi kuwa kipimo cha maji, akakitolea macho. Kikalowa. Baadaye akakitafuta asikione tena. Maji yakawafika makwapani, kisha mabegani, na bega lake lililogonga jiwe likawaka moto.

"Ukingo uko mbali?" wifi aliuliza.

"Upande wa kushoto, hatua ishirini hivi."

"Basi niachie. Peke yako utafika. Ukaite watu."

"Nyamaza."

"Wifi, mimi sina mguu..."

"Nimesema nyamaza!"

Yule mtoto aliyempoteza hakumpa hata nafasi ya kumshika. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna miezi yote mitatu, na hakuwahi kumwambia mtu. Huyu alikuwa mkononi mwake, mzito, mwenye mdomo, na joto lake lilikuwa bado lipo. Hamwachii. Kama ni kwenda na maji, wataenda wawili.

"Kofia yangu ipo?" wifi aliuliza baada ya muda, sauti ikiwa imefifia.

"Ipo."

"Basi Mungu yupo."

"Ongea. Usilale. Nisimulie yule mteja wako aliyehama mji na rola zako kichwani."

Alisimulia, akarudia, akaanza kuchanganya mambo. Zaidi ya saa moja ilikuwa imepita lori la magogo liliposimama ukingoni. Dereva hakuuliza maswali. Alifunga kamba kwenye bampa, akajifunga mwenyewe kiunoni, akaingia majini hatua kwa hatua mpaka akawafikia.

"Mama, mwachie, nimeshamshika."

"Siwezi."

Hakuwa anabisha. Vidole vilikuwa vimekataa kufunguka. Ikabidi dereva avifungue kimoja kimoja.

Ndani ya lori fundi alilia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa leo, na hakuna aliyemnyamazisha. Katikati ya kilio akawa anasema asante: kwa dereva, kwa kamba, kwa ule mti ambao hata hakujua ni mti gani. Mpaka mvua aliishukuru, nayo ndiyo iliyotaka kuwaua.

Siku ya tatu hospitalini, mguu ukiwa kwenye plasta na mume wa fundi akiwamenyea machungwa wote wawili, nesi alikuja na dawa ya michubuko. Akapaka bega la fundi, akahamia kwa wifi, akapaka shavu, akafika kwenye mkono, juu kidogo ya kiwiko, ambako alama tano za vidole zilikuwa zimevilia damu.

Wifi akauvuta mkono wake.

"Hapa usipake kitu, nesi," alisema. "Hapa ndipo niliposhikwa."