Ubongo Mzito wa Kianjokoma

Hilux ya kijivu ilikata kona ya Kianjai bila kupunguza mwendo.

Rwamba akaifuata.

Mwanamke huyo alikuwa juu ya pikipiki nyekundu ya Honda, ameinama hadi kidevu kikakaribia tangi la mafuta. Vumbi lilimjaa puani. Bastola ya Glock ilimbana ubavuni chini ya jaketi. Aliupita mkokoteni wa punda, akalikwepa shimo, akaongeza moto.

Kisha soko la miraa likafunguka mbele yake.

Pikapu zilijaa pande zote za barabara. Madereva waligombania njia ili mzigo uwahi ndege kabla haujanyauka. Hilux ya kijivu. Hilux nyeupe. Hilux ya kijivu tena. Zote zimefunikwa turubai, zote zinaondoka kwa fujo, kila moja upande wake.

Rwamba alisimama katikati. Dereva mmoja akampigia honi na kumtukana kwa Kimeru.

"Nondo kwa Kituo," alisema kwenye kisemeo cha kofia, kwa jina lake la siri. "Nimeipoteza."

Ikaja sauti ya Kiambi, mkuu wake, iliyokuwa nzito kila siku na leo nzito zaidi.

"Tena?"

"Tena, Mkuu."

Alilipiga teke debe tupu lililokuwa kando ya barabara. Halikumsaidia kitu.

Miezi sita alikuwa akiufuata mzigo wa Hilux ile. Ulitoka ng'ambo ndani ya maboksi ya vitu vya watoto: seti mpya za matofali ya plastiki, yale ambayo mtoto huyapachika, akaunda roboti, kisha akaipangia programu kwa tableti. Kila seti ilikuwa na tofali moja kubwa lenye betri na kompyuta ndogo ndani. Wapenzi wa roboti waliliita ubongo. Lakini katika baadhi ya seti, ndani ya ubongo mlifichwa kibao cha elektroniki cha kuongozea droni za mabomu. Majangili wa kaskazini walikuwa wakivinunua vibao hivyo. Droni yao ya kwanza ilikuwa imeangukia lori la chakula cha msaada, ikaua dereva na wauguzi wawili.

Muuzaji wa seti hizo alijulikana. Aliitwa Bundi, mwenye duka la vifaa vya shule mjini Meru. Walikwisha kumkamata mara moja. Wakili wake akauliza ushahidi uko wapi. Haukuwepo. Bundi alitoka kortini akipungia watu mkono.

"Sikiliza," Kiambi alisema. "Kuna kitu. Katika kundi lao la WhatsApp, la wale watu wazima wanaocheza na matofali, kuna mtu ameandika kwamba ubongo wake ni mzito kuliko wa wenzake na haukubali programu."

Rwamba alikaza mikono kwenye usukani. "Ni kibao?"

"Ni zaidi ya kibao. Wataalamu wetu wanasema mzito kiasi hicho ni kibao mama. Bila hicho, vingine vyote haviwaki. Karani wa Bundi ameuuza kimakosa dukani. Bundi anautafuta kama kichaa."

"Nani anao?"

"Anajiita Malkia wa Gia. Hatujui zaidi. Wanakutana leo Githongo, ukumbi wa nyuma ya kanisa. Nenda. Usijitambulishe. Usimguse Bundi kabla hujaushika mkononi. Na risasi isilie."

"Mkuu, nikimwona tu..."

"Ukimkamata mikono mitupu atatoka tena. Umesikia?"

Alisikia. Hilo ndilo lililomuudhi.

*

Ukumbini kulikuwa na joto na harufu ya mandazi. Watu kama ishirini walizunguka meza ndefu zilizojaa matofali ya rangi, magurudumu na nyaya. Rwamba aliingia kama mama anayetafuta zawadi ya mwanawe.

Ndani ya dakika chache alitamani kurudi kukimbizana na Hilux.

"Seti mpya ni nzuri, lakini vipachiko vimekaza," alisema mzee mmoja. "Mtoto wa miaka saba atavunja kucha."

"Kucha si shida. Shida ni hii sensa ya kusoma rangi. Nyekundu inasema ni kahawia!"

"Ni taa za hapa ndani, bwana. Toka nayo nje."

"Nimetoka nayo nje! Nje ikasema ni nyeusi!"

Upande wa pili walikuwa wanazozana kama mtoto aanze kwa kupanga vipande vya picha kwenye tableti au aandike lugha ya kompyuta ya Python moja kwa moja. Kijana mmoja alisema vipande vya picha ni vya watoto. Wakamjibu kwa pamoja kwamba seti ni ya watoto.

Rwamba alimsogelea mwanamume mnene mwenye kofia nyeupe ya Kiislamu. Alikuwa Suhail, mwenye bucha mjini Meru, na mbele yake roboti ilikuwa ikipepea kitambaa juu ya kipande cha nyama.

"Kaka, samahani. Namtafuta dada mmoja, Malkia wa Gia."

"Karibu, dada! Unaona hii? Inafukuza nzi. Mkono huu una mota mbili..."

"Malkia wa Gia yuko hapa leo?"

"Nakuja huko. Sasa mota ya kwanza nilipoiunga, ikawa inampiga mteja..."

Aliuliza mtu wa pili, akapewa somo la gia. Wa tatu akamwomba ashike tochi. Hakuna aliyekuwa na haraka, na yeye jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

Mlango ukafunguka.

Bundi aliingia. Suti ya bluu, saa ya Rado, tabasamu pana.

"Ndugu zangu, hamjambo? Nimeleta habari njema. Kuna seti moja imetoka kiwandani na kasoro. Ubongo ni mzito, hausikii programu. Aliye nao anirudishie sasa hivi. Nitampa seti mbili mpya, bure."

Watu wakapiga makofi. Rwamba alisaga meno.

Mwanamke mwembamba mwenye miwani aliinua mkono. "Ni mimi, Bwana Bundi. Lakini sikuja nao. Niliuacha shuleni Kianjokoma, kule Embu, kwa klabu ya watoto. Hata sasa wako darasani nao, na Mwalimu Njagi."

"Mwalimu Cicily! Usijali kabisa, madam. Jumatatu ni sawa."

Tabasamu la Bundi halikutikisika. Lakini macho yake yalikwenda mlangoni, na mara naye akatoka.

Rwamba aligeuka amfuate. Suhail akamshika mkono wa jaketi.

"Dada, hujaona mota ya pili!"

"Baadaye, kaka."

"Ni sekunde tu. Hii ndiyo inazungusha..."

Alijinasua kwa nguvu, akaangusha roboti na nyama pia. Alipofika nje, Prado nyeusi ya Bundi ilikuwa imeshaingia barabara ya lami. Aliitazama ikiteremkia upande wa Embu na kutoweka.

Alitoa tusi ambalo nyuma ya kanisa halifai.

*

Cicily alikuwa ametoka kumtafuta. "Mama, kuna shida? Umemwangushia Suhail nyama."

Usijitambulishe, Kiambi alikuwa amesema. Rwamba alimtazama mwalimu huyo usoni. Watoto walikuwa darasani na Bundi alikuwa njiani.

"Mwalimu, mimi si mama wa mtu. Ni afisa wa usalama. Ule ubongo unaua watu, na Bundi anaenda kuuchukua. Pigia Njagi simu. Awatoe watoto."

Cicily alitoa simu, akapiga. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Aki huyu Njagi! Simu yake haina chaji kila siku ya Mungu!"

"Panda nyuma."

Honda ikanguruma. Waliteremka kwa kasi, kona baada ya kona, Cicily amemkumbatia kiunoni na kusali kwa sauti. Rwamba alimpigia Kiambi kupitia kofia.

"Nataka watu Kianjokoma, sasa."

"Vijana wangu wako Isiolo wanasubiri Hilux yako."

"Basi polisi."

"Ving'ora vikilia pale, atashika watoto mateka. Nitawatuma kimya kimya. Watachelewa. Nani huyo anayesali?"

"Malkia wa Gia."

"Nilikuambia usijitambulishe!"

Alikata simu.

Karibu na Chuka, gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Pancha. Rwamba alisukuma pikipiki hadi kwa fundi, ambaye alikuwa anakunywa chai na hakuona sababu ya kuiacha ipoe. Alimsihi. Akamfokea. Mwishowe Cicily akachukua tairi mwenyewe, akakaa chini na gauni lake la kutokea, akaanza kulifungua. Fundi akaona haya, akaja.

Wakaondoka. Rwamba alikuwa anahesabu kila gari lililowapita wakati wamesimama.

*

Prado ilikuwa imeegeshwa uwanjani.

Shule ilikuwa juu ya kilima, ikizungukwa na mashamba ya chai pande zote. Rwamba alizima pikipiki chini ya mteremko, wakapanda kwa miguu. Kupitia dirishani aliona watoto wamekaa sakafuni, ukutani. Mwalimu Njagi, kijana mrefu, alikuwa amekaa nao, mikono juu ya magoti, uso umempauka.

Bundi alikuwa katikati ya darasa. Suti imejaa vumbi, tai imelegea. Mbele yake roboti zilikuwa zimebomolewa moja baada ya nyingine. Aliokota ubongo, akaupima kwa kiganja, akautupa. Akaokota mwingine. Akautupa.

Mkono wa kulia ulishika bastola.

Rwamba aliigusa Glock yake, kisha akaiacha. Watoto walikuwa wengi mno, na ukuta ni wa mawe. Risasi ingeruka popote.

"Ingia kama mwalimu," alimnong'oneza Cicily. "Mkasirikie. Mimi niko nyuma yako."

Cicily alinyoosha gauni. Akasukuma mlango.

"Bwana Bundi! Ndiyo nini hii? Hao watoto wamejenga wiki tatu!"

Bastola ikamgeukia. "Uko wapi, madam? Nimechoka. Nimeangalia zote. Zote!"

"Sijui. Haukusikia programu, nikawapa wauchezee wanavyotaka."

"Na huyu ni nani?"

"Mzazi," Rwamba alisema, mabega ameyashusha, sauti inatetemeka. "Nimekuja kuchukua mtoto. Tafadhali, baba."

Bundi alizigeukia nyuso za watoto. "Ni nani anajua? Semeni!"

Msichana mmoja wa mbele, Njoki, alitupa jicho juu ya kabati, haraka, kisha akaangalia chini.

Rwamba akafuata jicho hilo.

Juu ya kabati kulisimama kreni ndefu ya matofali ya manjano. Mkono wake wa mbele ulining'iniza ndoo. Mkiani, mahali pa jiwe la kuizuia isipinduke, watoto walikuwa wamefunga kitu kwa uzi. Tofali kubwa, la kijivu. Kwa kuwa halikujua kufikiri, walikuwa wamelipa kazi ya kuwa zito.

"Ule pale, baba," Rwamba alisema. "Si ndio huo? Hebu nikushushie."

"Polepole."

Alinyoosha mkono. Akakata uzi. Lilikuwa zito kweli.

"Lete hapa."

"Haya. Shika."

Akalirusha. Lakini si kwake. Tofali lilipita juu ya bega la Bundi, likatoka dirishani na kuzama kwenye chai.

Bundi aligeuka. Hakuweza kujizuia. Miezi yote ya kazi yake ilikuwa imeruka dirishani.

Ilimtosha Rwamba.

Hatua moja. Kiganja kikapiga kifundo cha mkono, bastola ikaelekea juu, risasi ikatoboa bati. Watoto wakapiga kelele. Kiwiko kikatua shingoni. Goti likafuata. Bundi akaanguka juu ya roboti alizozibomoa, na kabla hajavuta pumzi, pingu zilikuwa zimembana.

"Huna ushahidi," alikoroma, damu mdomoni. "Nitatoka tu. Kama juzi."

Rwamba aliinua kichwa kuwatazama watoto.

"Nani ana macho makali? Kuna tofali letu huko kwenye chai."

Walitoka mbio wote, Cicily akabaki kumlinda Bundi. Lakini kilima kilikuwa kirefu na chai ni ile ile kila mstari. Walitafuta, wakatafuta. Rwamba alitambaa chini ya vichaka, matope magotini, akijilaani kwa kurusha mbali hivyo. Askari walifika, wakaungana nao. Hatimaye Njagi akapaza sauti kutoka mfereji wa chini, mkono juu, tofali likichuruzika maji.

Walilifungua mbele ya Bundi. Kibao mama kilikuwa kimekaa ndani, kikavu. Safari hii hakutabasamu.

Simu ikaita.

"Nondo. Hilux imepatikana Isiolo," Kiambi alisema. "Vibao vyote vimo. Bila mama ni takataka."

"Na yule mtu wa ng'ambo aliyekuwa akimletea Bundi mzigo?"

"Amepanda ndege asubuhi. Jina lingine, pasipoti nyingine."

Rwamba alifumba macho. Miezi sita.

"Na risasi nimeambiwa imelia," Kiambi aliendelea. "Nataka maelezo. Pia kuna mwenye bucha amepiga simu kuhusu nyama..."

Alizima simu.

Njoki alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Hakuonekana mtu wa kufurahi.

"Umechukua uzani wetu. Sasa kreni imepinduka."

Cicily akaanza kumkemea. Rwamba akamzuia kwa mkono. Aliteremka hadi kwenye pikipiki, akafungua kufuli la chuma la mnyororo, akapanda nalo tena hadi darasani. Alilifunga mkiani mwa kreni, akaukaza uzi.

"Jaribu."

Njoki akabonyeza tableti. Mota ikalia. Ndoo ikapanda taratibu, kreni isitikisike. Watoto wakashangilia.

"Dada, sasa pikipiki yako utaifunga na nini?" Cicily aliuliza.

Rwamba alivaa kofia yake.

"Sisimami mahali nikakaa sana, mwalimu."

Akateremka kilima bila kugeuka nyuma.