Shee Aliyekodisha Jina Lake

Jamaa wa Likoni, na nyinyi wa Changamwe na Kisauni mnaopenda kusikia ya wenzenu, leo nisikizeni mimi. Jina langu ni Mwanarehema. Nauza mahamri na mbaazi penye mteremko wa feri tangu mume wangu alipofariki. Nani yuwaenda kazini na nani anajifanya yuwaenda, hapa hakuna anayejua kuliko mimi. Asiyependa maneno makali na aondoke sasa, kwa sababu habari ya Shee bin Khatibu siwezi kuisimulia kwa upole.

Nyumba yake ni jirani ya yangu. Alipomuoa Tima binti Jumaa mtaa mzima tulifurahi, na miaka ya mwanzo ukipita pale asubuhi utapenda mwenyewe. Ua umefagiliwa, chai ya tangawizi iko motoni, Tima anacheka na bintiye Johari, mtoto mdogo kalala juu ya mkeka. Shee naye anatoka kwenda bandarini, na mkewe anamsindikiza mpaka mlangoni, "Nenda salama, baba Johari. Mungu akupe." Raha hiyo haikudumu, na aliyeivunja ni mwenye nyumba mwenyewe.

Nieleze kidogo kwa nyinyi vijana. Siku zile, kabla ya maneno haya ya Uhuru kupamba moto, makuli wa bandarini hawakuwa na kazi ya mwezi. Aliyeandikishwa alipewa kibati chenye nambari. Alfajiri anavuka feri, anakionyesha langoni, anaitwa jina, anapangiwa meli. Asiyekuwa na kibati alisimama nje ya lango akiomba bahati, na kuandikisha watu wapya kulikuwa kumefungwa. Shee alipata chake kwa sababu kaka yake Tima alikuwa karani wa ofisi kule, mbali na lango na meli, na alimhangaikia shemeji yake. Kibati kile ndicho kilichokuwa chakula cha mke na watoto wawili. Hawakuwa na shamba, hawakuwa na mnazi, hawakuwa na kitu kingine.

Basi Shee akachoka. Alirudi siku moja bega limechubuka, akalala kitandani akaugua kama mzazi mwenye uchungu. Kesho yake hakwenda. Keshokutwa akaniambia, mdomo umejaa hamri langu ambalo mpaka leo hajalilipa, "Bi Mwanarehema, ukuli ni kazi ya watu waliokuja kutoka bara. Mimi babu yangu alikuwa na mashamba na watu wa kumlimia."

Babu huyo namjua. Mashamba aliyauza yote akala, hakumwachia mjukuu hata mnazi mmoja wa kukingia tembo. Alichomrithisha ni kiburi, na hicho alikirithisha kizima.

Uani kwangu nilikuwa na mpangaji, Kazungu wa Nguma, Mgiriama Mkristo kutoka Kaloleni. Alikuwa kijana mnyamavu mwenye mabega mapana, na mkewe Pascalia alikuwa mja mzito. Kila alfajiri Kazungu alivuka feri kwenda kusimama nje ya lango, na siku nyingi alirudi mikono mitupu. Jioni moja Shee akaja uani, kanzu nyeupe, kanukia marashi, akaketi kwenye kibao changu bila kukaribishwa.

"Kazungu bwana, wewe una mabega na mimi nina kibati. Tusaidiane."

"Tusaidiane vipi, bwana Shee?"

"Chukua kibati. Vaa kofia yangu hii. Ukiitwa Shee bin Khatibu, itika. Siku ya mshahara unanikatia nusu yangu."

Kazungu akanitazama. Nikamwambia Shee, "Jina la mtu halikodishwi kama baiskeli."

"Bi Mwanarehema, haya ni mambo ya wanaume."

"Wanaume wako wapi?" nikamuuliza. "Mimi hapa namuona mmoja tu, na si wewe."

Alicheka. Mtu asiye na haya humtukani ukamfikia. Kazungu akakubali, na mimi simlaumu, maana mke alikuwa karibu kujifungua na ndani hamna hata unga. Nilinyamaza kwa ajili ya Pascalia.

Haya, tazameni sasa maajabu. Kazungu akawa Shee, akapangiwa genge jipya la makuli lisilomjua Shee mwenyewe. Wenzake wakimuuliza mbona lafudhi yake ni ya Kaloleni, anawaambia upande wa mama ni Wagiriama, wakaridhika. Nyapara wa genge lao, Mkamba mmoja aitwaye Mutua, alikuwa mtu wa haki, na kila Ijumaa adhuhuri alimwambia, "Shee, acha mzigo, nenda ukasali." Kazungu alikwenda akakaa nyuma ya ghala peke yake mpaka swala ikaisha. Aliniambia, "Mama, kubeba magunia kwa jina la mtu naweza. Kumsalia Mungu kwa uongo naogopa." Mkristo huyo alimwogopa Mungu wetu kuliko Shee aliyezaliwa penye adhana.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Katika lile genge walikuwamo Waislamu kadhaa, nao wakamuita Shee wao wakae pamoja. Kazungu angefanyaje? Akafunga. Wallahi alifunga, akibeba magunia ya kahawa juani koo limekauka, na magharibi akafungua kwa tende pamoja nao gatini. Anarudi kwangu midomo imepasuka. Na mwenye Ramadhani yake alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani nyuma ya pazia anakula wali wa jana, eti ana vidonda vya tumbo. Tumbo lake halikuwa na vidonda ila vya ulafi. Jamaa, kuna watu wanaajiri wenzao wawapikie na wawafulie. Huyu alimwajiri mtu amfungie na saumu.

Ile nusu ya mshahara msidhani ilifika jikoni. Ilikwenda kwa fundi wa kanzu, kwa muuza marashi, na barazani kwa karata na kahawa, ambako Shee alikaa kutwa akiwasimulia watu habari za meli. Habari zenyewe alizipata kwa Kazungu jioni. Tima alisuka makuti ya kuezekea mpaka vidole vikatoka damu, akawapikia watoto muhogo na chumvi. Johari alikuwa na miaka sita na mikono kama vijiti vya mshikaki. Ukimuuliza baba yuko wapi, anajibu kwa fahari, "Baba yuko kazini, meli kubwa." Nilikuwa nikimpa hamri, kisha nageuza uso.

Kisha ikaja habari kwamba ukuli wa kutwa utapunguzwa. Bandari itachagua watu wa kuajiriwa kwa mwezi, wenye mshahara wa hakika na matibabu, na waliobaki watafutwa. Nyapara atamshuhudia kila mtu wake. Tima aliisikia kwa kaka yake, akaja mbio kwangu, tukaenda naye pamoja kwa mumewe. Tulimkuta anajitazama katika kioo.

"Baba Johari," Tima akasema, "nakuomba kwa jina la Mungu. Chukua kibati chako uanze kwenda mwenyewe kuanzia kesho, watu wakuone. Tukiikosa hii, watoto hawa nitawalisha nini?"

"Una haraka gani? Siku ya kuchaguliwa nitakwenda."

"Hawakujui, mume wangu. Kule Shee ni Kazungu."

"Jina ni langu," akasema, na kile kioo hajakiweka chini. "Kazi itakwenda wapi bila mwenyewe? Mwache Kazungu ajichokeshe. Matunda nitachuma mimi."

Nikamwambia, "Shee, mti usioupanda, kivuli chake si chako." Akaniuliza kama nimemaliza. Nilikuwa sijamaliza, lakini Tima alinivuta kanga, akaanza kulia, nami nikamtoa nje.

Siku moja kabla ya kuchaguliwa, Shee alikuja uani akanyoosha mkono. Kazungu akakivua kibati shingoni, akampa pamoja na kofia. Pascalia alikuwa anamnyonyesha mtoto, akainamisha kichwa. Ndani ya moyo wangu nilimlaani yule mwenye kanzu, na mniwie radhi, sijatubu.

Yaliyotokea ng'ambo nimeyasikia kwa Kazungu, na nimeyasikia tena kwa watu wa genge wakishuka feri jioni ile, na maneno yao yalikuwa mamoja. Shee alivuka na koti juu ya kanzu. Mutua amesimama karibu na Mzungu wa bandari, anaita watu wake mmoja mmoja na kuwashuhudia. Akaita, "Shee bin Khatibu." Shee akapita mbele na kibati mkononi.

Mutua akamtazama toka kofia hadi viatu. "Wewe ni nani?"

"Ndiye mimi, Shee bin Khatibu."

Genge likaangua kicheko. Mzee mmoja wa Kiislamu miongoni mwao akasema, "Shee tunamjua. Tumefunga naye, tumefuturu naye. Wewe kibati cha ndugu yetu umekiiba wapi?"

Mutua akakichukua kibati, akamuita askari. Hapo ndipo mtoto wa mjini alipoanza kutafuta shahidi. Kazungu alikuwa amesimama nje ya lango, mahali pake pa zamani. Shee akamnyooshea kidole, "Muulizeni yule. Kazungu, waambie."

Fikirini jamaa. Kazungu angenyamaza tu, Shee angelala ndani kama mwizi, na yeye angeajiriwa kwa jina lile lile. Mke na mtoto mchanga wangekula. Akaja mbele, akavua kofia ya majani aliyovaa, akasema, "Nyapara, huyu kweli ndiye Shee. Mimi ni Kazungu wa Nguma. Kibati ni chake. Kazi niliifanya mimi."

Mzungu alipofasiriwa alikasirika, akasema wote wawili ni wadanganyifu, wafukuzwe. Watu wa genge wakatazamana. Yule mzee Mwislamu akaketi juu ya gunia. Wa pili akaketi, na wa tatu, hata genge zima likawa chini na winchi ya meli inaning'inia bure. Mutua akasema kwa utulivu, "Bwana, hawa hawatanyanyuka bila mwenzao. Nami siwezi kukudanganya, ni mtu wangu bora." Meli ilikuwa na saa zake za kuondoka. Mzungu akatukana kwa lugha yao, kisha Kazungu akaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Kibati cha Shee kikafutwa.

Mnadhani alijifunza? Alirudi akaketi baraza ile ile, na wimbo wake ukawa mmoja, kwamba watu wa bara na wa mashambani wamewanyang'anya wenyeji kazi. Mpaka leo, katika mikutano hii ya siasa, yeye ndiye wa kwanza kupiga makofi yakisemwa maneno hayo. Wako wanaonyang'anywa kweli, nami nawaonea uchungu. Shee hakunyang'anywa. Alimfuata mtu uani kwake akampa.

Tima alipata kazi ya kufua katika nyumba za Wazungu kule ufuoni. Alikonda, akaanza kukohoa. Mwaka uliofuata, siku za mwisho za Ramadhani, wale Waislamu wa genge wakakusanya mchele wa fitri, wakamuuliza Kazungu, "Wewe unakaa Likoni, nyumba gani pale ina shida zaidi?" Kazungu akawatajia nyumba, mwenyewe hakumtaja. Wakavuka na gunia, wakaliweka karibu na sinia yangu, wakaniomba nimuite mwenye nyumba aje alichukue. Wao walikuwa wanarudi kazini, na Kazungu yuko zamu.

Nikampelekea Shee habari. Alikuja na kanzu yake, akalizunguka gunia, akatafuta mtu wa kumbebea. Alimuita huyu, akamuita yule. Watu walimtazama wakapita. Mimi nilikuwa nakaanga mahamri yangu. Mwisho akainama, akaliinua, likampeleka upande huu na huu, akaliweka begani, akapanda nalo mteremko jasho likimtiririka, mbele ya baraza nzima ya wacheza karata.

Johari alikuwa mlangoni. Alipomuona baba yake na gunia begani, hajapata kumuona hivyo tangu apate akili, akageukia ndani akiita kwa furaha, "Mama, mama, njoo uone. Baba amepata kazi."

Tima alitoka, akaliona gunia la sadaka, akamuona mtoto anavyoruka. Hakumwambia ukweli. Alirudi ndani akabandika chungu.

FUNZO

Jamaa zangu, kazi ya jasho haimvunjii mtu heshima. Heshima huvunjwa na kula jasho la mwenzio huku watoto wako wanalala njaa. Mchagua jembe si mkulima, na mwenye kuikodisha nafasi yake asilie siku akikuta imekaliwa. Uhuru u mlangoni, na nawasikia baadhi yenu mkisema tukiupata tutapumzika. Mtapumzika kwa chakula cha nani? Enyi wanaume mliokaa barazani saa hizi za asubuhi mkinisikiza, feri ile pale inapakia watu. Ondokeni.