Aliyeitwa Kwenye Njia ya Chumvini

"Sijavigusa," Bi Somoe alisema. "Na miguu yangu hii, nipande pikipiki niende wapi?"

"Basi nani? Jana jioni nimevikunja kwa mkono wangu, Sauda alikuwepo."

"Labda upepo."

"Mama, upepo unakunjua chuma?"

"Punguza sauti. Watu wanatoka msikitini."

Yassini alipunguza sauti, lakini hakuondoka. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, pale barazani, akionyesha vikanyagio viwili vya abiria. Vyote vilikuwa vimeshushwa, kama vinavyokaa mtu akiwa amepakiwa nyuma. Kiti cha nyuma kilikuwa na unyevu. Alipitisha kidole, akakionja. Ilikuwa chumvi.

"Na ile sahani ya ubwabwa mlangoni? Unamwekea nani?"

"Mwanangu."

"Mwanao tumemzika, mama."

"Wewe ndiye uliyemrudisha nyumbani," Bi Somoe alisema. "Leo unataka nimzike mara ya pili?"

Sauda, mdogo wao, alikuwa amesimama na ufagio mkononi. Hakujua amtazame nani.

Nyumba yao iko Mchinga, upande wa minazi, na hadi mwezi uliopita ilikuwa na vijana wawili wa kiume. Haruna, mkubwa, na Yassini walikuwa wakiwaongoza wageni wanaopenda kuizunguka pwani kwa pikipiki. Hawakufuata lami. Waliwapitisha njia za changarawe, kandokando ya mikoko na mashamba ya chumvi, kuelekea Kiswere na mpaka Kilwa, ambako bahari hutokea ghafla kati ya mikorosho, ikapotea, ikatokea tena. Haruna alitangulia. Yassini alikaa nyuma ya wote, kuwaokota walioanguka. Haruna alikuwa mtu wa maneno. Aliwatajia wageni jina la kila kijiji hata wasipouliza, na mgeni akilalamika kwamba mgongo unamuuma, alimjibu, "Mgongo utapona, bosi. Hii bahari kwenu hamna."

Safari ya mwisho aliyeanguka alikuwa yeye. Tairi la mbele liliteleza kwenye changarawe, karibu na mashamba ya chumvi ya Kiswere yaliyoachwa zamani, mahali pasipo na nyumba hata moja. Wageni walishuka, wakasimama juani wamevua kofia zao ngumu. Yassini alipofika kutoka nyuma, kaka yake alikuwa ameshakata roho.

Wazee wa kwao wana desturi. Mtu akifia mbali, anayemrudisha humwita kwa jina kwenye kila mto na kila njia panda. Haruna, tunavuka. Haruna, hapa tunakata kulia. Asipoitwa, wanasema, hubaki njiani hajui kwao ni wapi. Wapo wanaosema hilo si jambo la dini, lakini msiba ukiwa wao, nao huita. Mwili wa Haruna ulipakiwa kwenye gari la kukodi likapita lami, na baba yao mdogo, Hussen, alikaa kando yake akimwita njia nzima.

Pikipiki ya Haruna ilibaki, na Yassini ndiye aliyeirudisha. Alipita njia ileile ya changarawe, peke yake, na kwa kuwa alikuwa analia na hakuwa na jambo lingine la kumfanyia kaka yake, naye aliita. Kila daraja la magogo, kila njia panda. "Haruna, twende nyumbani. Haruna, nishike vizuri."

Alipokaribia Mchinga alihisi pikipiki imezama kidogo nyuma, kama inavyozama abiria akijiweka sawa. Hakuogopa. Alifarijika. Alifika makaburini watu wakikung'uta mchanga mikononi.

Baada ya hitima ndipo mambo yalipoanza. Kila magharibi ilipopita, pikipiki iliyokuwa haijawashwa kutwa nzima ilianza kutoa ule mlio wa injini inayopoa, tik, tik, kama imetoka safari ndefu. Halafu ilikuja harufu ya tope la mikoko, ikapita chini ya mlango, ikakaa chumbani pamoja nao. Sauda alidhani ni maji kupwa. Akatoka kuangalia, bahari ilikuwa imejaa.

Halafu ikaja sauti. Mwanzoni ilikuwa chini sana, sauti ya mtu anayejikumbusha jambo, ikitaja majina ya vijiji kama Haruna alivyokuwa akiwatajia wageni, kimoja baada ya kingine, kutoka Kiswere kuja Mchinga. Ilipofika Mchinga ilinyamaza. Kisha ikasema, "Mama."

"Abee, mwanangu," Bi Somoe aliitika.

Tangu hapo akawa anaitika kila jioni. Alikuwa hali chakula tangu msiba, na sasa alipika akicheka peke yake jikoni, akachota sahani ya kwanza akaipeleka mlangoni. Asubuhi ubwabwa ulikuwa palepale, umejaa maji ya chumvi.

Aliyekuwa akikonda ni Yassini. Alianza kukohoa. Alisema anasikia uzito mgongoni hata akitembea kwa miguu. Siku moja alivua shati kisimani na Sauda akaona alama nyeusi mbavuni, huku na huku, pale abiria anaposhika. Zilikuwa alama za vidole. Lakini vidole vilikuwa virefu mno, vilizunguka mbavu vikakutana tumboni.

"Kaka, nani kakushika hivi?"

"Usimwambie mama," Yassini alisema. "Amepata kulala siku hizi."

Sauda hakumwambia mama. Alimpigia simu baba mdogo Hussen, naye akamleta Maalim Abdulrazak kutoka Kikole. Maalim alikuja mchana, nguo zake zikinuka dawa ya korosho maana walimtoa shambani. Sauda alimpa shikamoo, akaitika marahaba, akakaa mkekani na kuuliza swali moja tu.

"Maiti mlimpitisha wapi?"

"Lami," Hussen alijibu. "Nilimwita mwenyewe."

"Na wewe, kijana?"

Yassini aliinamisha kichwa. "Changarawe. Nilimwita na mimi."

Maalim alimgeukia. "Kaka yako alishaitika kwa baba yako mdogo. Alikuja na gari, yuko kaburini kwake amepumzika. Sasa wewe kule chumvini ulimwita nani?"

Yassini alijishika mbavu.

"Kule kuna aliyekufa akaachwa, hajawahi kuitwa na mtu," Maalim aliendelea polepole. "Wewe ukapita, ukampa jina, ukamwambia twende nyumbani, nishike. Hakuiba kitu. Amefuata. Lakini hana mwili, na aliyekaribishwa nyumbani hutaka mwili. Wa karibu ni wako."

"Anajua majina ya vijiji vyote," Bi Somoe alisema. "Anacheka kama Haruna."

"Anajifunza, mama. Kwa kupenda kwake."

Aliwaeleza la kufanya. Yassini ampakie, amrudishe kwa njia ileile, na kwenye kila daraja aseme, hapa si kwako, bado. Asitaje jina la kaka yake. Akifika chumvini amwombe radhi, kisha aondoke asigeuke. "Ila ataondoka na swali," Maalim alisema. "Atarudi mara moja, kwa miguu, kuuliza kwa yule anayemwita mama. Akiitikiwa kama mtoto, amekaa. Na huyu," akamgusa Yassini begani, "mtamlaza kando ya kaka yake. Hilo jibu ni la mama peke yake, siwezi kumsaidia. Hata mimi siruhusiwi kulitoa."

Bi Somoe aliikunja ncha ya kanga, akaikunjua, akaikunja tena.

Yassini aliondoka asubuhi. Aliyoyaona alimsimulia Sauda baadaye, kwa vipande. Pikipiki ilikuwa nzito kama imebeba magunia ya chumvi. Bahari ilikuwa nzuri siku hiyo, kijani mpaka mbali, na aliyekuwa nyuma alikuwa akifurahia safari, akimuuliza karibu na sikio kile ni kijiji gani na yule mtu anavua nini, kama mgeni, na pumzi yake ilikuwa baridi yenye harufu ya tope, na kila daraja Yassini aliposema hapa si kwako, bado, vidole vilijikaza mbavuni, vikajikaza tena, mpaka walipoyaona mashamba ya chumvi yakimeta na maswali yakakoma, na badala yake kikaja kilio kidogo, kilio cha mtoto anayeona anarudishwa mahali alipokuwa ameachwa, nacho hakikunyamaza hata pikipiki iliposimama.

Alimwomba radhi. Akaondoka asigeuke. Alifika nyumbani akiwa na homa, akalala mkekani bila kula.

Magharibi ilipita. Sauda na mama yake walikaa gizani karibu naye wakisikiliza pumzi yake, iliyokuwa ikipiga mluzi kifuani na mara nyingine ikisahau kurudi. Pikipiki ilikuwa kimya. Kisha harufu ikaja, na nyuma yake nyayo zilizolowa, za mtu aliyechoka, zikipanda barazani moja moja.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Haruna, haijapungua kitu.

"Mama, nimetembea toka Kiswere. Miguu inaniuma."

Bi Somoe aliinuka. Sauda alimshika kanga. Mama aliiondoa mikono ya Sauda taratibu, bila hasira, akaenda mpaka mlangoni, akaweka kiganja kwenye ubao kama anashika kichwa cha mtoto.

"Mama, umelala? Si mimi Haruna wako?"

Nyuma yao Yassini alikohoa, akanyamaza. Bi Somoe alikuwa analia, machozi yakimfika shingoni, lakini aliposema, sauti yake ilikuwa imetulia, sauti ya kumjibu mtu asiyemfahamu aliyekosea nyumba.

"Tusamehe, mgeni, tulikuita bila kukujua. Mimi nina mtoto mmoja tu wa kiume, naye yumo ndani, amelala."