Moja Ndiyo, Mbili Hapana

Bosi alikuwa ndani akivutana na muuzaji juu ya friji. Elly, dereva wake wa mtaa wa Al-Nuzha, alibaki mbele ya ukuta wa televisheni, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, baridi ya eisii ikimwingia mifupani. Duka lilifurika; ungedhani Jeddah nzima imekuja kununua vitu vya Idi. Skrini zote zilionyesha shindano moja la uimbaji la Wahindi, kijana wa kilemba akitetemeka mbele ya majaji.

"Huyo mama atamkataa," Elly alijisemea kwa Kiswahili.

"Amkatae wapi! Mwangalie macho. Huyo ameshalia."

Aligeuka. Msichana wa abaya nyeusi, mtoto wa wenyewe amemlalia begani, kitambaa cha maua kichwani, vishimo viwili mashavuni. Kwenye skrini jaji alipangusa machozi na kumpitisha kijana.

"Haiya! Wewe ni mganga?"

"Mimi ni Mourine wa Kakamega. Na usiniangalie, madam yuko nyuma yako. Angalia TV."

"Naangalia TV. Nipe nambari yako."

"Wajaluo nyinyi! Hata jina hujasema!"

"Elly. Siaya. Haya, nambari."

Akaitaja taratibu, macho kwenye skrini, kama anayesoma bei. Mambo yalianzia hapo, na laiti yangeanzia kwingine. Nchi ile dereva na yaya wakikutwa wakinong'onezana si mchezo. Wanaweza kurudishwa kwao na nguo walizovaa, na hapo wamebahatika.

Kila Alhamisi jioni shindano lilipoanza, kila mmoja alilitazama kwa mwajiri wake, Mourine kule Al-Hamra na mtoto mapajani. Kuongea hakungewezekana, basi wakaflashiana kama nyumbani mtu akiishiwa na kredo: simu inalia kidogo, inakatwa, na hakuna mwenye akili zake anayeipokea. Moja, ndiyo, huyu anaimba. Mbili, hapana, arudi kwao. Madam akitoka, ndipo walipoongea mpaka sikio likapata moto.

"Kwani hawa majaji wawili wana nini?" Mourine aliuliza. "Mbona hawaangaliani?"

Elly alikuwa na habari zote kutoka kwa Solomon, dereva mwenzake Mhindi. Bi Malati aliimbia filamu tangu usichana wake na uso wake haukuonekana hata mara moja. Waigizaji warembo walifungua midomo tu, wakachukua sifa. Nyimbo zake tamu zilitungwa na Bwana Girdhar, aliyeanza maisha kwa kupiga kinanda kwenye harusi za watu. Kila mtu alijua wataoana. Siku moja Girdhar akampa msichana mwingine wimbo wa Malati, na hawakuingia studio moja tena mpaka televisheni ilipowakalisha pale, kiti kitupu katikati yao.

"Uuwi! Na sauti yote hiyo! Elly, sisi tusifike huko."

"Mimi nikuache nimpe nani wimbo, nyar Kakamega, binti wewe?"

"Wimbo gani? Wewe una mdomo tu!" Akacheka mpaka akakohoa.

Kicheko hicho hakikudumu. Madam alitangaza kwamba atampeleka Mourine kwa kaka yake Riyadh. Priscah, msichana aliyetangulia kupelekwa huko, simu yake ilikuwa haipatikani tangu siku aliyofika.

"Naogopa, Elly. Wanasema mlango wa huko unafungwa kwa nje."

"Sikiza, mpenzi. Kesho asubuhi ukitoa takataka nitakuwa hapo na gari. Nakupeleka ubalozini mimi mwenyewe, na tukifika nyumbani nakuoa. Fikiria kwanza. Leo wimbo wa mwisho ukiisha, nijibu."

Wimbo uliisha. Simu ikalia, ikakatwa. Moja! Elly aliruka juu ya kitanda. Kisha simu ikalia tena, mara hii kwa muda, ikanyamaza. Hakuipokea, nani hupokea flashi? Zilikuwa mbili.

Asubuhi hakwenda. Jamani, mwanamume mzima, gari lina mafuta, hakwenda hata kuchungulia! Alinuna wiki baada ya wiki na hakupiga simu. Moyo ulimuuma, naye akaulisha kiburi.

Fainali ikafika. Mtangazaji akawachokoza majaji juu ya mambo ya zamani, na Girdhar akasema alimtumia Malati ujumbe, hakujibiwa.

"Ulimtuma mpiga ngoma!" Bi Malati akafoka mbele ya ukumbi mzima. "Mtu anayetaka jibu huja mwenyewe!"

Elly hakungoja mshindi. Alipiga simu, na sauti iliyopokea ilikuwa ya madam.

"Mourine mafi, hayupo. Yuko Riyadh. Simu nilimnyang'anya Alhamisi ile, nilipomkuta anaipiga. Nikaipiga mimi nambari hiyo nijue ni mwanamume gani. Mbona hukushika, mwoga wewe?"

Elly akakaa sakafuni. Ya kwanza ilikuwa ya Mourine. Na asubuhi ile Mourine alisimama kwenye pipa la takataka akitazama barabara.

Akawapigia Wakenya wote aliowajua Riyadh, mpaka Hezron, mlinzi, akampa habari: Mourine aliruka ukuta, amejificha mtaa wa Manfuha bila ikama, kile kibali cha kuishi, na msako wa wasio na karatasi umeanza. Bosi alipokwenda Riyadh kwa shughuli zake, Elly alimshusha hotelini na kwenda moja kwa moja Manfuha.

Maduka yalikuwa yamefungwa. Helikopta ilizunguka juu, moshi wa matairi ukikaba koo, watu wamekalia mizigo yao wakingoja mabasi ya askari. Alimwona kwenye foleni ya wanawake, amekonda, pindo la abaya limechanika.

"Umefuata nini?" Mourine alisema. "Nilikungoja pale mpaka nikavutwa mkono kurudishwa ndani."

"Niliona mbili. Ya pili alipiga madam, nimejua juzi."

"Mimi nilipiga moja, Elly. Moja!"

"Na hata zingekuwa mia, ilinipasa nije nikuulize. Nilikosa, nisamehe. Sasa nakuuliza kwa mdomo wangu. Utakuwa mke wangu?"

Machozi yakamtoka. "Ndiyo. Ndiyo, mjinga wewe. Lakini rudi kwa gari. Wewe una ikama. Priscah niliyemkuta hapa alipandishwa basi juzi na mpaka leo hatujui walimpeleka wapi."

"Yalla! Yalla!" Askari akamsukuma kwenye basi la wanawake.

Elly akarudi garini. Akaisukuma ikama chini ya kiti, akaacha ufunguo, akafunga mlango. Kisha akamwendea askari, mikono juu, akamwambia hana kibali wala mwajiri.

"Mafi ikama. Mafi kafili."

Wakampandisha basi la wanaume. Mabasi yakaondoka yakifuatana, na kwenye kioo cha nyuma cha basi la mbele Mourine alikuwa akimpungia mkono, akilia na kucheka. Walipofika kwenye makutano ya barabara kuu, basi la wanawake likakata kushoto.

"Mfuate!" Elly aliinuka akimpigia dereva kelele. "Mfuate yule!"

Askari akamkalisha kwa rungu la begani, na basi lao likaendelea mbele.