Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

"Wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba kifuniko cha birika la ofisi ya ghala kimepatikana, na aliyekichukua hatatafutwa tena."

Tangazo hilo lilibandikwa ubaoni kwa pini nne na kupigwa muhuri. Chini yake, sakafuni, alilala karani wa mizani. Risasi ndogo ya bunduki ya upepo ilikuwa imempenya jichoni.

Inspekta, mwanamke asiyeamini ajali mpaka aikague, alimsikiliza mlinzi wa ghala, mzee ambaye wapakizi walimwita Shabaha. Mzee alieleza kwamba alitoka kufukuza kunguru kwenye magunia, akaegemeza bunduki ukutani, ikafyatuka yenyewe. Kifyatulio kilikuwa kimelegea tangu mwezi uliopita. Fundi wa bunduki alikuwa ameirudisha jana tu, akiapa kwamba kimekaza.

Fundi akakamatwa kabla ya adhuhuri, mbele ya mkewe, bisibisi ingali mkononi.

Kilichomtia Inspekta wasiwasi ni kwamba mtu huyo hakukana.

"Ulikaza skrubu ya kifyatulio?"

"Nilikaza, afande. Nadhani nilikaza."

"Unadhani?"

"Tangu asubuhi nimeikaza mara mia kichwani. Kila nikiiacha, inalegea."

Fundi alikwisha kuambiwa ni miaka mingapi jela kwa kuua bila kukusudia, na tayari alikuwa akiihesabu kama mtu aliyehukumiwa.

"Baada ya kukaza, ulifanya nini?"

"Niliweka tone la rangi ya kucha ya mke wangu. Nusu juu ya skrubu, nusu juu ya chuma. Skrubu ikisogea, tone hukatika. Mke wangu hulalamika namalizia chupa, yeye kucha zake kavu, bunduki za watu zimepambwa."

Inspekta alikwenda chumba cha vielelezo na lenzi. Tone lilikuwa limekatika: kipande kimoja kilibaki kwenye chuma, kingine, juu ya skrubu, kilikuwa kimezungushwa nusu duara kamili. Mfuo wa skrubu, pale bisibisi inapoingia, ulikuwa umechimbwa na ncha nyembamba kuliko bisibisi ya fundi. Akaagiza mlinzi apekuliwe. Mfukoni mlikuwa na kisu cha kukatia kamba za magunia; kikapelekwa maabara.

"Mzee wangu, kisu hiki ni chako?"

"Changu, mwanangu."

"Na wekundu huu kwenye ncha?"

"Kutu."

"Maabara wanasema ni rangi ya kucha."

Inspekta alimwekea mezani bunduki ileile, haina risasi, skrubu imekazwa kama fundi alivyoiacha. Akamwomba afyatue.

Kidole kilivuta. Kilitetemeka, kikawa cheupe kwenye kiungo, kikavuta tena. Kifyatulio hakikusogea. Askari aliyesimama mlangoni akatazama pembeni.

"Meneja alitaka kunipima shabaha Jumatatu," mzee alisema hatimaye. "Ilipolegea niliiweza. Fundi alipoikaza, ikanishinda. Mlinzi asiyeweza kufyatua ni babu tu aliyekaa mlangoni. Nikailegeza nusu duara."

"Na karani?"

"Yeye ndiye pekee aliyejua kuhusu kidole changu. Alikuwa amesimama pale ananiambia nisiogope. Nikaiegemeza ukutani, ikafyatuka."

"Kwa nini ukamsingizia fundi?"

"Niliogopa."

Inspekta alikwenda mwenyewe mahabusu kumwambia fundi kwamba skrubu ilikuwa imekaza. Fundi alimtaka arudie. Akarudia. Fundi akaketi sakafuni, akauliza kama sasa anaweza kwenda nyumbani. Inspekta akajibu kwamba faili limekwisha kupelekwa kwa mwendesha mashtaka.

Jibu lilikuja siku ya tatu, likiwa na sahihi mbili. Kwa kuwa haijaamuliwa kama bunduki ya upepo ni silaha au kifaa cha kufukuzia ndege, shauri limeahirishwa hadi itakapoundwa kamati ya kulitafakari, na watuhumiwa wote wawili waendelee kukaa rumande, katika chumba kimoja, kwa sababu ya uhaba wa vyumba.