Chupa ya Siku ya Tano

Niliingia maabara nikamkuta bosi wangu anatupa chupa ya damu ya kaka yangu kwenye ndoo ya taka!

Jamani, mimi ni yule dada anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kazini wananiita Kimya. Lakini siku hiyo nilipiga kelele.

"Chifu, usiitupe!"

"Siku tano zimeisha, Kimya. Hakuna bakteria aliyeota."

"Kaka ana homa mwezi wa pili sasa..."

"Basi mpeleke kwa daktari, mimi siyo mganga!"

Wenzangu wakacheka. Nilichoka, wapendwa. Nilichoka!

Kaka ni fundi wa kuchomelea. Alituficha ugonjwa, akajipeleka kliniki, akatolewa damu, ikaletwa kupimwa maabara kwetu. Tulijua alipoanguka kazini. Hospitali wakasema bakteria wameshambulia vali ya moyo. Bakteria gani? Hawajui! Dawa wanabahatisha tu. Na kwa kuwa keshaanza dawa, damu mpya huenda isioteshe kitu.

Kadi yake ya kliniki ndiyo ilinipa namba ya chupa. Nikainama, nikaitoa ndooni. Nzima! Nikairudisha kwenye kabati la joto, ile mashine inayolia bakteria wakiota.

"Utaandika barua ya kujieleza!"

"Nitaandika, Chifu."

Siku ya saba, hola. Ya tisa, hola. Mama anapiga simu: "Mwanangu, bado tu?" Narudi kuichungulia chupa.

Siku ya kumi na moja... mashine ikalia! Bakteria adimu, anakua taratibu kuliko foleni ya benki. Dawa ikabadilishwa. Homa ikashuka.

Nikapeleka barua yangu kifua mbele. Chifu hakuisoma. Akanisogezea fomu ya kliniki.

Daktari alikuwa ameandika: "Nahisi ni vali ya moyo. Wekeni siku kumi na nne."

"Sasa nani aliisajili kwa siku tano?"

Akageuza kompyuta. Jina langu!

Nikakumbuka. Fomu zetu huja na namba tu, sikujua ni ya kaka. Siku kumi na nne lazima Chifu aidhinishe mwenyewe, na asubuhi niliyoisajili alikuwa amenicheka mbele ya watu. Nikaona haya kumwendea. Nikabonyeza tano.

Nilimwambia kaka nikilia.

"Mdogo wangu, siku nyingine sumbua watu."

Ukiwa na haya kama mimi, uliza hivyo hivyo, sauti ikitetemeka. Na wewe unayecheka wanaouliza... kuna mtu leo ameogopa kukuuliza.