Doa la Kijani Kwenye Koti la Mchungaji

Upepo wa Norwich hauna adabu. Siku ile sokoni ulimpokonya Dorcas Larwood picha yake yenye rangi mbichi, ukaipitisha juu ya vibanda, ukaibandika pwaa! kifuani kwa mchungaji aliyesimama akila chipsi na njegere za kupondwa.

Dorcas akaja mbio, kofia nyekundu imekaa upande, vidole vimejaa rangi.

"Mungu wangu! Koti lako, mchungaji!"

"Koti si kitu. Hiki nilichovaa ni nini?"

"Kinamasi."

"Kumbe! Nimekitungia kitabu kizima, lakini kukivaa ndiyo leo."

Wakacheka mpaka njegere zikamwagika. Huyo ndiye Ambrose Thirkettle, mtunzi wa vitabu vya ndege na mabwawa, kapera ambaye wanawake wa kanisa lake walishachoka kumtafutia mke.

Tangu hapo, Dorcas akienda kinamasini kuchora, Ambrose yuko nyuma yake na mwavuli. Mwavuli unaikinga picha, mwenyewe analowa.

"Ingia chini ya mwavuli, wewe mwanamume!"

"Picha ikilowa imekufa. Mimi nitapiga chafya tu."

"Ukifa nisilaumiwe."

"Nikifa utanichora."

Jumamosi moja mvua ilinyesha kutwa. Wakati wa kuagana Ambrose akasema, "Kesho njoo kanisani, mpenzi. Baada ya ibada nina neno nawe."

Dorcas alivaa gauni la buluu na lulu za marehemu mama yake, akakaa kiti cha nyuma. Ukafika wakati wa kutangaza ndoa. Ambrose hakuinuka. Aliinuka msaidizi wake. Mbele ya Dorcas wanawake wawili wakagusana viwiko.

"Heh! Mchungaji kampisha mwenzake."

"Hujui? Mchungaji hajitangazi mwenyewe. Leo kapatikana!"

"Na nani?"

"Si tusikilize?"

Dorcas hakungoja kusikiliza. Yeye hajaposwa, basi jina litakalotajwa si lake. Na lile neno la baada ya ibada ni la kumuaga. Akanyata mpaka nje.

Mchana simu ikalia nyumbani kwa Bi Goffin, mama aliyempangisha chumba. Dorcas akaipokea.

"Haloo? Nani?"

Kimya. Pumzi tu, na mkwaruzo kama wa bata aliyekabwa.

"Ambrose, ni wewe? Sema basi! Unaona haya, eh? Haya, usiseme. Hongera yako!"

Akaibwaga.

"Nani huyo, mwanangu?" Bi Goffin akauliza.

"Mtu asiye na la kusema, mama. Mimi nakwenda London na treni ya jioni."

Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya behewa alipohisi mkono wake umeshikwa. Ambrose! Shingo imefungwa skafu ya sufu, jasho linamtiririka. Alimkosa kwa Bi Goffin, akaja mbio moja mpaka stesheni.

"Sina... sauti," akanong'ona. "Mvua ya jana."

"Na lile tangazo?"

"Binti wa muuza nyama. Anaolewa na mwoka mikate."

"Na kule kukoroma kwenye simu?"

"Nilikuwa nakuposa."

Dorcas akacheka huku machozi yanamtoka. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia kifuani mwa Ambrose. Lile doa la kijani la siku ile sokoni bado lipo.

"Hujalifua mpaka leo?"

"Walitaka kunifulia. Nimewakatalia."

Dorcas akashusha sanduku lake la rangi. "Haya, posa tena. Nisikie."

Ambrose akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akapiga goti pale pale penye matope.

"Mjibu, dada, treni inaondoka!" abiria mmoja akapaza sauti dirishani.

"Na iondoke!" akasema Dorcas.

Ikaondoka.

Jumapili iliyofuata sauti ya Ambrose ilikuwa imerudi, nzito kama kengele. Hata hivyo, wakati wa kutangaza ndoa alikaa kimya, akamwachia msaidizi. Majina mawili yakasomwa. Dorcas, kwenye kiti chake cha nyuma, akawaona wale wanawake wawili wakigusana viwiko.

"Si nilikwambia mimi? Mchungaji hajitangazi mwenyewe!"